Maswali ya Wasomaji: Nani Huamua Kromosomu Ziachane?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: seli inapogawanyika, ni nini kinachohakikisha kila mtoto wa seli anapata kromosomu zake kamili, bila kuzidi wala kupungua? Tumechagua barua sita za wakazi wa Nairobi, kuanzia darasani hadi sokoni.

Mwalimu alitufundisha kwamba kromosomu hujipanga katikati ya seli kisha huachana, nusu huku na nusu kule. Lakini hatukuambiwa nani hutoa amri. Je, kuna saa ndani ya seli?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kasarani*

Kijana wetu, hapo katikati kinachotawala si saa bali ni zuio. Mkasi wa kuziachanisha kromosomu huwa tayari mapema, ila umefungiwa, na hautafunguliwa mpaka kromosomu ya mwisho iwe imeshikwa vizuri.

Tuanzie kwenye kifungo chenyewe. Seli ya binadamu ina kromosomu 46. Kabla ya kugawanyika hunakili DNA yake yote, hivyo kila kromosomu huwa na nakala mbili pacha, jumla 92. Wakati uleule wa kunakili, nakala pacha hufungwa pamoja kwa protini iitwayo kohesini. Hii ni pete iliyoundwa na vipande vitatu, SMC1, SMC3 na RAD21, na kipande cha nne, STAG, kimeegemea ubavuni. Pete hizo huzizingira nakala zote mbili kama pingu inavyozingira mikono. RAD21 ndicho kipande kinachofunga pete, kwa hiyo likumbuke jina hilo, tutalirudia.

Vitabu vingi husifu kuachana. Kwa maoni yetu kazi ngumu zaidi ni kushikamana. Seli haina macho. Kama nakala hizo 92 zingeachwa zielee ovyo, hakuna protini ambayo ingejua ipi ni pacha wa ipi. Zikiwa zimefungwa mbilimbili, swali hilo halizuki kabisa.

Kisha huja kufungasha. DNA ya kromosomu namba 1 peke yake, ukiinyoosha, ina urefu wa zaidi ya sentimita 8, lakini wakati wa mgawanyiko inakaa kwenye kifurushi kisichofika mikromita 10. Kazi hiyo hufanywa na kondensini, protini ya ukoo mmoja na kohesini, inayokunja DNA kwa vitanzi vingi. Sambamba nayo, kimeng'enya topoisomerasi II hukata DNA, hupitisha uzi mwingine kwenye mwanya na kuiunga tena, mpaka nakala pacha zisiwe zimesokotana. Ikishindwa, kromosomu huachana zikiwa na daraja la DNA lililonyooka kati yake, na daraja hilo linaweza kukatika.

Katika profezi, hatua ya kwanza ya mgawanyiko, pete nyingi za kwenye mikono ya kromosomu huondolewa, zikifunguliwa kwa msaada wa protini WAPL. Za kiunoni, yaani kwenye sentromia, hubaki, kwa sababu zinalindwa na shugoshini, jina lililotokana na neno la Kijapani lenye maana ya roho mlinzi. Ndiyo sababu kromosomu kitabuni mwako ina umbo la X: mikono imeachiliwa, kiuno bado kimefungwa.

Juu ya kila sentromia hujengwa kinetokori, mtambo wa protini zaidi ya aina 100. Kwa binadamu kila kinetokori hushikwa na nyuzi za spindeli, kamba zinazovuta kromosomu kuelekea pande mbili za seli, zipatazo 15 hadi 20, kila uzi ukiwa na unene wa nanomita 25, na kiganja chenyewe cha kushika ni kundi la protini nne liitwalo Ndc80.

Sasa amri. Kinetokori ambayo bado haijashikwa hukusanya protini Mps1, Bub1, Mad1 na Mad2. Hapo Mad2 hubadilishwa umbo na kuachiliwa ikiwa tayari kuinasa protini Cdc20. Pamoja na BubR1 na Bub3 huunda kizuizi kinachoifunga mashine kubwa iitwayo APC/C. Kinetokori ya mwisho ikishashikwa, vizuizi vipya haviundwi tena na vilivyopo huvunjika. APC/C ikifunguka huibandika alama ya ubikwitini protini sekurini, na proteasomu, mtambo wa kusaga protini, huitafuna. Sekurini ndiyo iliyokuwa imekikalia kimeng'enya separasi, ule mkasi wetu. Separasi ikiwa huru hukata RAD21, pete zote za kiunoni hufunguka, na nakala huvutwa kila moja upande wake. Wakati huohuo APC/C huangamiza pia saiklini B, protini inayoibakiza seli katika mgawanyiko, kwa hiyo seli haina tena njia ya kurudi nyuma.

Protini za Mad na Bub ziligunduliwa mwaka 1991 katika hamira. Mwaka 1995 Conly Rieder na wenzake walielekeza miale ya leza kwenye seli za potoruu, mnyama mdogo wa Australia, wakaiunguza kinetokori moja tu, ile ya mwisho iliyokuwa haijashikwa. Seli ikaacha kusubiri. Kumbe sauti moja tu ilitosha kuizuia seli nzima. Katika seli hizo, tangu kromosomu ya mwisho ishikwe hadi kuachana hupita takriban dakika 23.

Ukiulizwa kwenye mtihani, usiandike kwamba nyuzi huzivuta nakala mpaka zikakatika. Nyuzi huvuta muda wote, hata katika metafezi, hatua ya kromosomu kujipanga katikati. Kinachoziachilia nakala ni kukatwa kwa RAD21.

Kama kizuizi hukagua tu iwapo kinetokori imeshikwa, itakuwaje nakala zote mbili zikishikwa na nyuzi za upande mmoja? Si kila kitu kitaonekana sawa?
*Fundi wa maabara, Kariobangi South*

Swali lako limegusa mahali penyewe. Kushikwa hakutoshi, lazima kuwe na mvuto.

Mtazame mwenye mkokoteni pale Gikomba anapofunga mzigo. Hamalizi kwa kuliangalia fundo, huivuta kamba. Ikikaza anaondoka, ikilegea anafungua na kufunga upya. Seli hufanya hivyohivyo. Nakala pacha zikishikwa na pande mbili zinazopingana, na kohesini ikiwa bado imezifunga kiunoni, mvuto hupatikana na kinetokori mbili husogea mbali na sentromia. Zikishikwa na upande mmoja hakuna kinachopinga, kwa hiyo kila kitu hulegea.

Mkaguzi wa mvuto ni kimeng'enya Aurora B. Hukaa katikati ya sentromia pamoja na wenzake INCENP, survivini na borealini, na kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye mkia wa Ndc80. Mkia wenye fosfeti nyingi hupoteza nguvu ya kushika na uzi huchomoka. Panapokuwa na mvuto, kinetokori husogezwa mbali na Aurora B, vimeng'enya vingine huondoa zile fosfeti, na mshiko huimarika. Pasipokuwa na mvuto, Aurora B huifikia Ndc80 na kuiachisha. Kinetokori iliyoachishwa huwa tupu, na kinetokori tupu huita Mad2. Kwa njia hiyo kosa la mvuto hugeuzwa kuwa kosa la kushikwa, ambalo kizuizi kinalitambua.

Ushahidi wa zamani wa jambo hili ni wa sindano. Mwaka 1969 Bruce Nicklas na mwenzake walitumia sindano nyembamba ya kioo ndani ya seli hai za panzi zinazotengeneza mbegu za kiume. Kromosomu zilizoshikwa vibaya zilikuwa zikiachia mara kwa mara, lakini zilipovutwa kwa sindano kuelekea upande wa pili, mshiko uleule mbovu ulitulia muda wote wa kuvutwa. Mkono wa mtu ulikuwa umeshika nafasi ya uzi uliokosekana.

Kuna kosa moja ambalo hata Aurora B hulipitisha mara nyingine, nalo ndilo hututia wasiwasi zaidi. Kinetokori moja inaweza kushikwa na nyuzi za pande zote mbili kwa pamoja. Imeshikwa, na mvuto upo, kwa hiyo kizuizi kinanyamaza. Wakati wa anafezi, hatua ya kuachana, nakala hiyo huvutwa huku na huku, ikabaki nyuma katikati. Mara nyingi upande wenye nyuzi nyingi hushinda na hakuna hasara. Usiposhinda, nakala hufungiwa peke yake ndani ya kiini kidogo kando ya kiini kikuu. Utando wa kiini hicho ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi, na DNA iliyomo inaweza kuvunjika vipande vingi kisha kuungwa bila mpangilio. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoiharibu DNA ya seli za saratani.

Wewe uliye maabara huenda umewahi kuona ndugu wa viini hivyo: miili ya Howell-Jolly ndani ya seli nyekundu za damu. Ni nukta ya zambarau iliyokolea, ya mviringo, yenye ukubwa wa karibu mikromita 1, mabaki ya DNA ambayo wengu lenye afya lingeyaondoa. Huonekana kwa walioondolewa wengu, kwa wagonjwa wa selimundu ambao wengu wao umekufa, na kwa wenye upungufu wa vitamini B12 au foleti. Unaposoma slaidi ya malaria usiichukue kuwa kimelea: pete ya kimelea ina sehemu ya buluu pamoja na nukta nyekundu, ilhali Howell-Jolly ni nukta pekee, haina buluu.

Wanafunzi wangu huandaa mizizi ya kitunguu lakini kila mwaka tunaona seli tupu zisizogawanyika. Tunakosea wapi?
*Mwalimu wa baiolojia, Donholm*

Mwalimu, tatizo la kwanza karibu kila mara ni mahali mnapokata. Seli zinazogawanyika ziko kwenye milimita 1 hadi 2 za mwisho za ncha. Mkiona seli ndefu za mstatili zenye kiini kidogo, mmechukua sehemu ya juu ambako seli zimeshaacha kugawanyika na zinarefuka tu.

Chukueni kitunguu maji kikavu, mkwangue mizizi ya zamani bila kuumiza kitako, mkikalishe mdomoni mwa chupa ili kitako pekee kiguse maji. Maji yabadilishwe kila siku. Baada ya siku 2 hadi 4 mizizi hufika sentimita 2. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa baridi, huchelewa, kwa hiyo anzeni mapema au mkiweke mahali penye joto. Msisubiri mizizi iwe mirefu sana. Vitunguu vingine vya dukani havioti kabisa, basi andaeni kama vitano ili msikwame.

Kateni sentimita 1 ya ncha na kuitumbukiza papo hapo kwenye dawa ya kugandisha: sehemu 3 za ethanoli safi kwa sehemu 1 ya asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji. Ichanganywe siku hiyohiyo. Dawa ya juzi hufanya kromosomu zionekane kama ukungu, na spiriti ya rangi haifai. Acheni usiku kucha. Kama somo ni wiki ijayo, hamishieni mizizi kwenye ethanoli ya asilimia 70 na kuiweka kwenye friji.

Hatua inayorukwa zaidi ni ya asidi. Kuta za seli za mimea zimegandana, na bila kulainishwa hazitawanyiki. Tumieni asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita kwenye nyuzijoto 60 kwa dakika 5 hadi 10. Kuipata, pimeni mililita 8.3 za asidi kali ya asilimia 37, mmimine polepole ndani ya maji, kisha ongezeni maji hadi mililita 100. Ni asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na macho yawe yamekingwa. Kama shule haina bafu la maji ya moto, chupa ya chai inatosha: jazeni maji, mpime kwa kipimajoto hadi 60, mtumbukize neli yenye mizizi. Itashikilia joto kwa dakika zote mnazohitaji.

Suuzeni mizizi mara tatu, mweke kwenye rangi ya asetokamini au asetoorseini kwa dakika 10 au zaidi. Halafu kwenye slaidi bakizeni ile ncha peke yake, ambayo sasa imekolea rangi kuliko sehemu nyingine, mkaitawanye kwa sindano, mfunike kwa kioo chembamba, mkunje karatasi laini juu yake na kubonyeza kwa kidole gumba moja kwa moja chini. Kidole kikiteleza, seli huviringika na kazi yote imepotea. Anzeni na ukuzaji wa mara 100 kutafuta eneo, ndipo mpande hadi 400.

Seli zikilaliana tabaka juu ya tabaka, asidi haikukaa vya kutosha. Mzizi ukimeguka ovyo na rangi kufifia, imekaa kupita kiasi.

Hata mkifanya kila kitu sawasawa, anafezi zitakuwa chache sana na profezi nyingi. Hilo si kosa, ndilo somo lenyewe. Idadi ya seli mnazoziona katika kila hatua hulingana na muda ambao hatua hiyo huchukua, na anafezi huisha upesi kwa sababu separasi ikishafunguliwa hukata pete zote kwa pamoja. Wahesabu seli 200 kila kikundi, waandike ngapi ziko katika kila hatua, na wachore anafezi moja wakihesabu kromosomu 16 kila upande, ndizo za kitunguu.

Kama mna siku ya ziada, wekeni mizizi mingine kwenye maji yenye barafu kwa saa 24 kabla ya kuigandisha. Baridi huyeyusha nyuzi za spindeli. Mtakuta kromosomu fupi, nene, zilizotawanyika bila mstari wa katikati, na anafezi karibu hakuna. Wanafunzi watakuwa wameliona zuio kwa macho yao, tena bila kugusa kolkisini, sumu ambayo hatushauri iingie darasani.

Nina miaka 40 na mimba ya wiki 9. Kliniki wameniambia umri wangu unaongeza uwezekano wa mtoto mwenye Down. Upande wa mume wanasema ni kitu nilichofanya. Umri unahusiana vipi na hili?
*Mama mtarajiwa, Lang'ata*

Mama, hongera, na tuanze na hilo la lawama: hukufanya chochote. Si chakula, si kazi, si dawa ya kupanga uzazi uliyowahi kutumia, wala si jicho la mtu.

Mayai yako yalianza kuundwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Kabla hujazaliwa, kromosomu za kila yai zilikuwa zimeshanakiliwa, zimefungwa kwa pete za kohesini na kusimama katikati ya hatua ya kwanza ya meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu. Yai lililotunga mimba hii limesubiri hivyo miaka 40. Kohesini ya mayai ina kipande cha pekee, REC8, badala ya RAD21, na majaribio ya panya yanaonyesha kwamba pete zilizowekwa mwanzoni ndizo hutumika hadi mwisho, bila kubadilishwa na mpya. Miaka inavyopita pete hupungua, na shugoshini inayozilinda hupungua pia. Kwa hiyo siku yai linapoamshwa limalize mgawanyiko wake, baadhi ya kromosomu zinakuwa zimelegea au zimeachana kabla ya wakati, na zinaweza kwenda upande usio wao. Kromosomu 21 ni ndogo na hushikana na mwenzake kwa sehemu chache, basi ni miongoni mwa zinazoteleza kwa urahisi. Yai likibaki na mbili, na mbegu ikileta moja, mtoto anakuwa na tatu, na hiyo ndiyo hali ya Down. Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walilithibitisha hilo mwaka 1959.

Takwimu zinazotumika kliniki ni hizi: mama wa miaka 20, mtoto mmoja kati ya 1,500 hivi, miaka 35, mmoja kati ya 350, miaka 40, mmoja kati ya 100, miaka 45, mmoja kati ya 30. Kwa umri wako, basi, watoto 99 kati ya 100 hawana Down. Takriban asilimia 90 ya kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai na zinazobaki nyingi hutoka kwenye mbegu ya baba. Hakuna aliyechagua, wala wewe wala yeye.

Uko wiki 9, kwa hiyo una nafasi ya kuuliza. Kuna kipimo cha damu ya mama kinachosoma DNA ya kondo la nyuma, kuanzia wiki ya 10. Kuna ultrasaundi ya kupima majimaji ya shingoni mwa mtoto pamoja na damu, kati ya wiki 11 na 13. Hivi viwili ni vya kuchuja: hukwambia uwezekano, havitoi hukumu. Vikionyesha hatari kubwa, uthibitisho hutoka kwenye kipande cha kondo, kuanzia wiki 11 hivi, au kwenye maji ya uzazi, kuanzia wiki 15. Hivyo huja na hatari ndogo ya kuharibu mimba, kwa hiyo havifanywi bila sababu. Uliza bei na mahali sampuli inakopelekwa kabla ya kukubali, na uliza utafanya nini na jibu, kwa maana mama mwingine hupendelea kutopima kabisa, na hiyo ni haki yake.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki endelea navyo kama ulivyoelekezwa. Havizuii jambo hili. Vina kazi nyingine unayoihitaji.

Ukisikia kuhusu kuhesabu kromosomu maabara, ujue kunategemea zuio lilelile tulilomweleza mwanafunzi wa Kasarani. Seli huoteshwa siku kadhaa, kisha huwekewa dawa inayovunja nyuzi za spindeli. Kizuizi huzisimamisha seli kwenye metafezi, kromosomu zikiwa zimefungashwa vizuri na zinahesabika.

Mwanangu wa miaka 6 anatibiwa saratani ya damu kwa vinkristini. Siku hizi mguu unaburuta na hapati choo. Dawa inaua seli za saratani, inaingiaje miguuni?
*Baba, Embakasi*

Baba, mpigie simu daktari wake leo, usingoje siku ya sindano ijayo. Kuburuta mguu na kufunga choo ni dalili zinazojulikana za dawa hii, na daktari anaweza kupunguza kipimo, kuisimamisha kwa muda na kutoa dawa ya choo. Tumbo likijaa na kuuma au mtoto akitapika, mpeleke hospitali mara moja.

Sababu ni hii. Nyuzi za spindeli hujengwa kwa tofali dogo liitwalo tubulini. Vinkristini hushika tofali hizo zisijengeke. Seli ya saratani ikitaka kugawanyika hukosa nyuzi, kinetokori hubaki tupu, kizuizi hulia bila kunyamaza, na seli nyingi hufa katika kusubiri huko. Lakini tubulini hiyohiyo ndiyo reli ya kusafirishia mizigo ndani ya mishipa ya fahamu. Seli za fahamu hazigawanyiki, ila baadhi zina mkia unaotoka mgongoni hadi mguuni. Reli ndefu kabisa huharibika kwanza, basi miguu hutangulia, na fahamu za utumbo nazo huathirika. Mara nyingi nafuu huja polepole dawa ikipunguzwa au ikiisha.

Mambo mawili ya kuangalia. Mwambie daktari kila dawa nyingine anayopewa mtoto, hasa za fangasi kama itrakonazoli, kwa maana huzuia ini lisiiondoe vinkristini na sumu yake huongezeka. Pili, vinkristini hutokana na vinka, ua la asili ya Madagaska, *Catharanthus roseus*, linalopandwa sana kwenye bustani za hapa mjini. Kuna wanaolichemsha kama dawa. Usimpe mtoto. Kipimo cha hospitali kwa kawaida ni miligramu 1.5 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na isizidi 2 kwa mara moja. Sufuria haina mizani hiyo.

Kwa nini ndizi tunazouza hazina mbegu, na mgomba unaendelea kuzaa?
*Muuzaji wa ndizi, soko la Wakulima*

Ndizi nyingi za kula, zikiwemo za kupika, zina seti tatu za kromosomu, 11 mara tatu, jumla 33. Meiosisi hutaka kila kromosomu ipate mwenzi wa kuvutana naye upande wa pili. Kwenye seti tatu, wawili wanaposhikana wa tatu hubaki bila mwenzi au hung'ang'ania wote wawili, na ule mvuto tuliomweleza fundi wa Kariobangi haupatikani ipasavyo. Mayai na chavua hutoka na hesabu mbovu, mbegu hazikui. Vile vinukta vyeusi unavyoviona ukikata ndizi ndivyo vilivyokuwa viwe mbegu. Tunda lenyewe hujaa bila kuchavushwa.

Mgomba kwa upande wake hukua kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, na huko kromosomu haihitaji mwenzi, inahitaji nakala yake tu. Seti tatu si tatizo: zote 33 hunakiliwa, hufungwa kwa kohesini na kugawanywa sawasawa. Ndiyo maana mkulima anayekuletea mikungu hupanda machipukizi yanayotoka kitakoni mwa mgomba, au miche ya maabara iliyooteshwa kutoka kipande kidogo cha chipukizi. Kwa kuwa mashina hayo yote ni nakala za mgomba mmoja, ugonjwa ukiupata mmoja wao huweza kuyamaliza yote, basi mwambie achukue machipukizi kwenye shamba lisilo na migomba iliyonyauka.